Tupeane uzoefu: kampuni uliyoikopesha mzigo imefilisika, ulipata chako?

Wakuu habari za saa hizi. Niko Tabora mjini, nauza kokoto na mchanga. Nafungua uzi huu kwa sababu naona watu wanakopesha kampuni, kampuni ikiyumba wanakaa nyumbani kusubiri mahakama iwaite. Haikuiti mtu pale, unajipeleka mwenyewe.

Naanza mimi. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa inachukua mzigo kwangu inalipa mwisho wa mwezi, mara malipo yakaanza kukatika, simu hazipokelewi, tukaja kuona tangazo gazetini kuna mdai kapeleka ombi Mahakama Kuu ifilisiwe. Wakili akanifafanulia: kwa Sheria ya Makampuni ya 2002 mdai akiipa kampuni barua ya madai zikapita siku 21 kimya, anaweza kwenda kwa jaji kusema hawa hawana uwezo wa kulipa. Jaji akitoa amri, wakurugenzi hawana sauti tena, mali yote iko chini ya mfilisi, yaani mtu anayekusanya mali za kampuni na kulipa wadai, na kesi yako ya pembeni haiendelei mpaka mahakama ikuruhusu.

Nikapeleka madai na vile vikaratasi vya kupokelea mzigo ambavyo stookipa alikuwa anasaini kila lori likimwaga. Mfilisi alivipitia kimoja kimoja, vingine vimelowa oili huoni hata tarehe, ila saini ikionekana anakubali, isipoonekana anaweka pembeni, hata uape vipi. Nililipwa sehemu tu. Jamani sainisheni!

Karibuni.

*

Mdau wa Urambo: Mimi niliona la jirani yangu. Mkurugenzi alimwita usiku akamwambia chukua hii Fuso tumalizane, akaondoka nayo. Kumbe ombi la kufilisi lilishapelekwa mahakamani. Mali ikitolewa baada ya ombi kupelekwa, amri ikija utoaji huo ni batili, labda jaji auridhie. Gari likarudi na yeye akapanga foleni na wenzake. Iliniuma, lakini ni haki, maana na sisi wengine tulikuwa tunadai.

*

Mdau wa Kigoma, Mwanga: Kilichotumaliza sisi ni benki. Tunafika tunaambiwa ghala na mashine zina rehani, mwenye rehani anachukua chake kwanza, halafu gharama za ufilisi, mishahara ya wafanyakazi na madai ya serikali, sisi wa mali kauli, tuliokopesha bila rehani, ndo wa mwisho. Siku hizi sikopeshi kampuni mpaka nicheki BRELA, wale wanaosajili makampuni, kama kuna rehani imesajiliwa. Na kikao cha wadai usikikose, ukisema utapelekewa habari umeisha. Kwetu uongozi uliomba tukubali kulipwa nusu kwa awamu, na mpango kama huo unahitaji wadai walio wengi, wenye robo tatu ya thamani ya madeni, halafu jaji auridhie. Tulioungana wenye vidai vidogo tulizuia na wakaja na ofa nzuri zaidi.

*

Mdau wa Kaliua: Wakuu AMCOS msizichanganye humu, zile ni vyama vya ushirika vya wakulima, ikivunjwa unaongea na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Benki nazo zina njia yake, Januari 2018 Benki Kuu (BoT) ilifunga benki 5 kwa mpigo na mfilisi akawa Bodi ya Bima ya Amana, wenye amana wakalipwa bima mpaka milioni 1.5, kilichozidi wakasubiri mali ziuzwe.

*

Mdau wa Ujiji: Asanteni sana, mmenifungua macho. Mimi nauza mawese, kampuni inayonidai... samahani, ninayoidai iko kwa mfilisi sasa hivi, ila mkurugenzi alinisainia dhamana yeye kama yeye, kwamba kampuni isipolipa analipa yeye. Naweza kumfuata au na yeye kajificha humo humo?

*

Mwanzisha uzi: Mfuate kaka. Dhamana aliyosaini yeye binafsi ni deni lake, kampuni kufilisiwa hakumfuti. Mpelekee barua ya madai, na kwa mfilisi peleka pia kabla tarehe yake haijapita, ukilipwa huku unapunguza kule. Huo mkataba utoe kopi leo hii, orijino usimpe mtu.