Lusina ni ile ile: kwa nini ng'ombe wa jirani wananenepa na mitamba wangu wananyonyoka mkia?

mfugaji_mukono (swali)

Ndugu wafugaji na wataalamu, nawasalimu. Ninafuga ng'ombe wa maziwa bandani hapa wilayani Mukono, kwa kuwakatia majani na kuwaletea horini. Miaka mitatu iliyopita nilipanda lusina, mti ambao majani yake hulishwa mifugo, kwenye mpaka wa shamba, na kiangazi kilichopita, matete yalipokauka, nikaanza kuwapa mitamba wangu wawili majani ya lusina kwa wingi, yapata nusu ya chakula chao cha siku. Mitamba hao niliwanunua Kiruhura, ambako walikulia kwenye malisho ya nyasi tupu.

Baada ya wiki chache manyoya ya mkia yalianza kunyonyoka, mate yakawa yanawatoka mdomoni bila kukoma, na hamu ya kula ikapungua. Nilipoacha lusina walianza kupata nafuu. Kinachonisumbua ni kwamba jirani yangu, ambaye mbegu nilizipata kwake, amewalisha ng'ombe wake majani hayo hayo tangu wakiwa ndama na hajaona dalili hata moja. Udongo wetu ni mmoja na mvua yetu ni moja. Je, tofauti iko wapi? Pia naomba kujua kama kuyaanika majani kunaondoa sumu.

shamba_la_masaka

Pole sana, ndugu. Kwa maoni yangu wanyama wako wamekosa madini. Wape chumvi ya kulamba yenye aidini kisha uendelee na lusina kama kawaida, kwa sababu ni majani yenye protini nyingi na si haki kuyatupa.

lishe_ya_mifugo_mbarara

Ndugu wa Mukono, umeuliza swali zuri, nami ninalijibu kwa urefu kwa sababu jibu lake halimo katika jani bali katika tumbo la mnyama.

Tumbo la kwanza la ng'ombe mzima, yaani rumeni, hubeba lita 100 na zaidi za majani yaliyotafunwa, maji na mate, katika joto la nyuzi 39 hivi na bila hewa ya oksijeni. Katika kila mililita ya uji huo wamo bakteria wanaofikia bilioni 10 au zaidi, pamoja na viumbe wengine wadogo. Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja nyuzinyuzi za matete. Wanaozivunja ni bakteria hao, nao hutoa asidi ya asetiki, ya propioniki na ya butiriki, ambazo hupenya ukuta wa rumeni na kumpa mnyama sehemu kubwa kabisa ya nguvu anazozitumia. Kwa hiyo kila kilichomo katika jani, kiwe chakula au sumu, hupitia kwanza mikononi mwa bakteria kabla ya kumfikia ng'ombe.

Lusina ina asidi amino iitwayo mimosini, ambayo haijengi protini ya mwili. Mimosini huzuia chembe zinazogawanyika kwa kasi zisigawanyike, na kwa kuwa mizizi ya manyoya ni miongoni mwa chembe hizo, manyoya hunyonyoka. Bakteria wengi wa kawaida katika rumeni wanaweza kuibadilisha mimosini, lakini wanachokitengeneza ni kitu kingine kiitwacho DHP, ambacho nacho huizuia tezi ya shingo kutengeneza homoni zake. Mnyama anayekaa na DHP kwa muda mrefu hupata rovu, hukonda, hukosa hamu ya kula, na ndama wake huweza kuzaliwa dhaifu. Ndiyo maana ninatofautiana na ndugu yetu wa Masaka. Tatizo hapa halikuanza na upungufu wa aidini katika chakula, na kuendelea na lusina kwa kiwango kile kile huku ukitegemea chumvi ni kumweka mnyama hatarini.

Tofauti kati yako na jirani yako inaelezeka vizuri kwa kisa cha Australia. Wafugaji wa huko walipanda lusina, ambayo asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na ng'ombe wao wakapata madhara kama uliyoyaona. Mtafiti wao Raymond Jones akagundua kwamba mbuzi wa visiwa vya Hawaii walikula lusina kwa wingi bila kudhurika, na mkojo wao haukuwa na DHP iliyotarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majimaji ya rumeni yenye bakteria wa mbuzi hao yalipelekwa Australia na kutiwa katika matumbo ya mifugo, na madhara yakakoma. Jambo lililowafurahisha watafiti, na linalonifurahisha mimi pia kila nikilifundisha, ni kwamba bakteria hao walienea wenyewe kutoka kwa mnyama mmoja hadi kwa wenzake waliochunga pamoja. Mwaka wa 1992 bakteria aliyehusika alipewa jina Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Kazi yake ni kuikamilisha njia ambayo wengine huiacha nusu, kwa kuivunja DHP yenyewe mpaka isibaki na madhara.

Ng'ombe wa jirani yako wamekuwa na lusina tangu utoto, na yaelekea wanao bakteria wa namna hiyo. Mitamba wako walitoka kwenye nyasi, na yaelekea hawakuwa na bakteria wa aina hiyo wa kutosha. Ukawapa nusu ya hori kwa ghafla.

Kuhusu kuanika, jani la lusina lina kimeng'enya chake lenyewe kinachoigeuza mimosini kuwa DHP pale linapopondwa au kunyauka. Jani lililonyauka laweza kuwa na mimosini pungufu, lakini DHP bado imo. Anika ili uhifadhi chakula cha kiangazi, wala usitegemee kwamba umeondoa sumu.

mama_ng'ombe_lira

Ninashukuru kwa maelezo haya, daktari, ila yananiletea swali. Sisi huku Lira tuna maganda ya mihogo tele. Mwaka juzi nilimpoteza ng'ombe mmoja aliyekula maganda mabichi ya mihogo michungu, akaanguka na kufa kabla sijampata mganga wa mifugo. Ikiwa bakteria wa tumboni huondoa sumu, kwa nini hawakumwokoa?

lishe_ya_mifugo_mbarara

Pole sana, mama, kwa hasara hiyo. Katika mihogo mambo ni kinyume, na ni vyema kila mfugaji alielewe hili. Sumu ya mhogo haimo katika ganda ikiwa tayari. Imefungwa pamoja na sukari katika kitu kiitwacho linamarini. Bakteria wa rumeni huifuata sukari hiyo, na wanapoikata, sianidi, ambayo ndiyo sumu yenyewe, huachiliwa. Hali ya rumeni isiyo na ukali wa asidi huisaidia kazi hiyo iende haraka, kwa hiyo mnyama anayecheua huathirika upesi kuliko nguruwe, ambaye chakula chake hukutana kwanza na asidi ya tumbo. Ini la ng'ombe linaweza kuigeuza sianidi kuwa tiosianati kwa msaada wa salfa, lakini likizidiwa kwa dakika chache tu mnyama hukosa pumzi na kufa.

Bakteria hawakusudii kumlinda ng'ombe wala kumdhuru. Wanatafuta chakula chao, na mabaki yao ndiyo yanayomfaa au kumwua. Maganda yakatwe vipande vidogo, yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa au yavundikwe kwa siku kadhaa, kisha yatolewe kidogo kidogo. Mtama mchanga au uliodumazwa na ukame una hatari ya namna hiyo hiyo.

mfugaji_mukono

Nimeelewa vizuri, na nimemsomea jirani yangu maelezo yote. Yuko tayari kunisaidia. Je, inafaa nichukue majimaji ya tumbo la ng'ombe wake niwape mitamba wangu? Machinjioni hapa majimaji hayo hutupwa bure. Pia mmoja wa ng'ombe wangu ana ndama wa wiki tano anayedokoa majani ya lusina horini.

lishe_ya_mifugo_mbarara

Usichukue ya machinjioni, kwa sababu hujui mnyama yule alikula nini wala alikuwa na ugonjwa gani. Anza kwa njia rahisi: waombee mitamba wako nafasi ya kukaa na kula pamoja na ng'ombe wa jirani kwa wiki kadhaa, mradi wote wamepimwa, hasa ugonjwa wa kutupa mimba, na wameogeshwa dhidi ya kupe. Katika muda huo wape lusina kidogo kila siku, ili bakteria watakaoingia wapate cha kula. Ikilazimu kuhamisha majimaji, mwachie daktari wa mifugo, kwa kuwa lazima yatolewe kwa mpira na yanyweshwe yangali na joto bila kupigwa na hewa, la sivyo bakteria wasiopenda oksijeni watakufa njiani.

Hata baada ya hapo, lusina isizidi theluthi moja ya chakula, na machipukizi machanga yapunguzwe kwa kuwa ndiyo yenye mimosini nyingi. Sehemu iliyobaki changanya matete na majani ya kaliandra, mti mwingine wa malisho, ambayo hayana mimosini ingawa tanini zao hushikamana na protini na kuifanya isivunjwe yote na bakteria.

Ndama wako mtenge na hori hilo leo. Katika wiki tano rumeni yake bado haijakomaa, maziwa yanaipita na kwenda moja kwa moja tumbo la nne, na bakteria wa kuivunja DHP hawajakaa humo. Mpe hei laini na pumba kidogo kidogo, na lusina aionje atakapoanza kucheua sawasawa, akiwa karibu na mama yake aliyekwisha kuizoea.