Walimu wa ufundi kwenye vituo vya sanaa tunalipwa saa za darasa tu, kazi nyingine yote bure. Imetosha!

Wakuu, nimekaa kimya muda mrefu. Leo naandika.

Mimi ni mfinyanzi. Jioni nafundisha kwenye kituo cha sanaa cha jamii, darasa la watu wazima, wengi wao hawajashika udongo tangu utotoni. Naipenda kazi hii na nawapenda wanafunzi wangu. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikigusa suala la malipo, jibu la kwanza ni "lakini si unaipenda kazi yako?" Ndiyo, naipenda. Mhasibu wa kituo naye huenda anaipenda yake, na mshahara wake unaingia kila mwezi bila mtu kumuuliza swali hilo.

Mkataba wangu unasema nalipwa kwa saa za darasa. Darasa la saa mbili, malipo ya saa mbili. Ukisoma haraka unaona ni haki. Ila aliyeuandika hajawahi kubaki kwenye karakana baada ya wanafunzi kuondoka, wala hajawahi kufika kabla hawajaingia.

Niwaeleze kikombe kimoja tu cha mwanafunzi kinavyofika mezani. Udongo lazima ukandwe kabla ya darasa, hewa itoke na unyevu uwe sawasawa, maana anayeanza hawezi kupambana na udongo wenye mabonge na gurudumu kwa wakati mmoja. Nani anaukanda? Mimi, kabla saa zangu za malipo hazijaanza. Mwanafunzi anafinyanga, anaondoka akiwa na furaha. Kikombe kinabaki kwenye rafu. Katikati ya wiki lazima mtu aje akiangalie, kwa sababu mkono wa kikombe ni mwembamba na unakauka haraka kuliko kikombe chenyewe, na udongo ukikauka unanywea. Ukiachwa hivyo, mkono unachanika pale ulipounganishwa. Kwa hiyo nakuja, nafunua nailoni, nagusa kimoja kimoja kwa kidole, cha huyu nakifunika tena, cha yule naacha wazi kidogo, mikono naizungushia vipande vya nailoni peke yake. Siku hiyo hakuna darasa. Siku hiyo, kwa mujibu wa mkataba, mimi sipo kazini.

Halafu tanuru. Hapa ndipo hasira inaponipanda.

Kila chombo kinachomwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kama nyuzi 1,000 za Selsiasi, mara ya pili, baada ya kupakwa glezi (ule uji wa madini unaofanya chombo king'ae), udongo wa aina inayostahimili moto mkali unapelekwa 1,200 na zaidi. Mwanzoni moto lazima upande polepole, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya udongo yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke ukikosa njia chombo kinalipuka. Kikilipuka kimoja, vipande vyake vinaharibu vya jirani. Kwenye nyuzi 573 chembe za madini ya kwazi (quartz) zilizomo kwenye udongo zinabadilika umbo ghafla, zinapanuka moto ukipanda na kusinyaa ukishuka, ndiyo maana hata kupoa kunataka subira. Ukifungua tanuru mapema kwa sababu mratibu anataka picha za maonyesho, hewa baridi inaingia na unasikia vyombo vinalia ti! ti! Hizo ni nyufa.

Kabla ya uchomaji wa pili nageuza kila chombo juu chini na kufuta glezi kwenye kitako kwa sponji. Glezi ikiyeyuka inakuwa kioo, na ikigusa rafu, chombo na rafu vinashikana jumla. Darasa zima likipaka, kuna vitako vingi vya kufuta, kwa sababu wanaoanza wanapaka kila mahali, na wana haki ya kupaka kila mahali, ndiyo wanajifunza. Rafu ikiharibika anaulizwa mwalimu. Kitako kikifutwa usiku, halipwi mtu.

Najua kuna mtu atakuja hapa kusema matanuru ya umeme siku hizi yanajiendesha. Kinachojiendesha ni joto. Kifaa hakipangi vyombo ndani visigusane, hakifuti vitako, hakikwangui matone ya kioo kwenye rafu, na hakuna mfinyanzi mwenye akili timamu anayewasha moto wa aina hiyo kwenye jengo la umma kisha akaenda zake kulala bila kurudi kuangalia.

Usafi nao ni habari nyingine. Vumbi la udongo mkavu lina silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Chembe zake ndogo hazionekani kwa macho, zinaelea hewani kwa saa nyingi, na zikiingia mapafuni zinaharibu taratibu mwaka hadi mwaka. Ugonjwa wake ni silikosisi na hauna tiba. Kwa hiyo karakana ya ufinyanzi haifagiliwi kavu, inafutwa kwa maji, meza, viti na sakafu. Niliomba ndoo na mopu za kutosha nikajibiwa kwamba mifagio ipo stoo. Nikaeleza habari ya silika. Nikaambiwa niandike barua. Barua niliandika. Mpaka leo napiga deki kwa mopu niliyonunua kwa hela yangu, baada ya saa zangu za malipo kwisha, ili wanaokuja asubuhi, wakiwemo watoto, wasivute vumbi letu.

Msidhani ni ufinyanzi peke yake. Mwenzangu anafundisha kufuma. Kitambaa cha upana wa sentimita 50 chenye nyuzi 8 kwa kila sentimita kina nyuzi 400 za mtande, yaani zile za urefu. Kila uzi unapimwa, unapitishwa kwenye tundu lake, kisha kwenye jino la kitana cha mtambo wa kufumia, kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na ukikosea mmoja kosa linaonekana kitambaa kizima. Wanafunzi wakifika wanakuta mtande umeshatandikwa, wanakaa, wanarusha mshindio, ule uzi wa upana, wanafurahi. Hawajui kama mama yule amekesha. Na haonekani kwenye daftari la mahudhurio. Anayefundisha kutia nguo nili, rangi ile ya buluu, anaandaa pipa lake mapema, la sivyo siku ya darasa hakuna rangi. Wote hadithi ni ileile.

Jambo lingine ni madarasa kufutwa. Unatangaziwa darasa, unakataa kazi nyingine ya jioni hizo, unaandaa udongo, unatengeneza vielelezo. Siku mbili kabla, ujumbe: idadi haikutimia, tunaomba radhi. Hakuna fidia, hata kidogo. Aliyechapa bango alilipwa. Umeme wa jengo ulilipwa. Hasara yote ya darasa lisilojaa anaibeba mtu mmoja mwenye uwezo mdogo kuliko wote, wakati kazi ya kutafuta wanafunzi si yake.

Na vifaa. "Nunua, leta risiti, utarudishiwa." Risiti zinakaa mpaka muhula unaisha, nyingine zinasemekana hazikupelekwa, nyingine mtunza fedha anauliza kwa nini sponji nyingi hivyo. Msanii anakikopesha kituo bila kuombwa ridhaa!

Jibu lao la pili, baada ya lile la kupenda kazi, ni kwamba kituo hakina hela. Nakubali vituo vingi vina hali ngumu, ada ikipanda watu wa kipato cha chini wanakimbia, na mimi sitaki wakimbie. Lakini upungufu wa hela haushuki toka mbinguni moja kwa moja mpaka kwa mwalimu. Kuna mtu anapanga bajeti. Anaandika mlinzi, anaandika maji, anaandika chai ya wageni siku ya maonyesho. Akifika kwetu anaandika saa za darasa na kufunga daftari. Huo ni uamuzi, na uamuzi unaweza kubadilishwa. Hata maombi ya ufadhili yanaandikwa kwa picha za wanafunzi wetu wameshika vyombo tulivyochoma sisi usiku. Kwenye shukrani wanatajwa wafadhili, uongozi, mgeni rasmi. Waliofundisha ni "wawezeshaji wetu", bila jina.

Linaniuma kwa sababu ufundi wa mikono si kitu cha kuokota. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Michael Cardew, mfinyanzi Mwingereza, alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi Abuja, Nigeria, mji ambao leo unaitwa Suleja. Mwaka 1954 akajiunga mama mmoja wa Nigeria, Ladi Kwali, na hakuja mikono mitupu. Alikuwa mfinyanzi tayari, amefunzwa na shangazi yake tangu mtoto, na vyungu vyake vilishaingia kwenye jumba la emir, mtawala wa jadi wa pale. Vyombo alivyofinyanga pale vilizunguka dunia, na leo sura yake ipo nyuma ya noti ya naira 20. Ujuzi kama ule ndio unaoingia na mwalimu mlangoni jioni. Kituo hakijaulipia hata siku moja ya kuupata, kinalipia kuutumia, na hata hapo kinakata.

Kuna wenzetu nao niwaseme. Mkiitwa kufundisha bure "ili mjulikane", mnakubali, kisha sisi tukidai tunaambiwa fulani alikuja bure. Anayetaka kujitolea ajitolee, ni moyo wake, lakini aandikiwe kwamba amejitolea, na thamani ya kazi yake itajwe, ili isigeuke kuwa bei ya wote.

Ninachotaka kinaeleweka. Saa za maandalizi, tanuru na usafi ziandikwe kwenye mkataba na zilipwe, hata kama ni kwa kiwango cha chini kuliko saa ya kufundisha. Darasa likifutwa ndani ya wiki moja, mwalimu alipwe nusu. Vifaa vinunuliwe na kituo kabla ya muhula. Mopu na ndoo ziletwe kesho, hilo la mapafu halina cha kusubiri kikao.

Walimu wa vituo tunakutana na uongozi hivi karibuni, na safari hii siendi na maneno matupu. Kama unafundisha ufinyanzi, ufumaji, ususi, uchongaji, ushonaji, chochote, na kituo chako kinalipa saa za nje ya darasa, weka hapa kifungu cha mkataba wako kama kilivyoandikwa, futa majina. Na kama hulipwi, orodhesha kazi ulizofanya wiki hii nje ya saa za darasa. Nitazichapa zote na kuziweka mezani kwao.