Picha za zamani na masimulizi ya wazee: maktaba ibaki nazo au inakili na kurudisha?

Mkutubi Msaidizi aliuliza:

Ndugu zangu, habari zenu. Katika maktaba yetu ya umma tumeanza kukusanya historia ya eneo kwa kuwaalika wakazi walete picha, barua na kumbukumbu za familia zao. Watu wameitikia kwa wingi, lakini sasa tuna maboksi yaliyojaa picha ambazo hatujui zinamwonyesha nani, kwa kuwa siku ya mapokezi tulishughulika na kupokea kuliko kuandika. Je, tubaki na picha zenyewe, au tuzinakili na kuzirudisha? Na masimulizi ya wazee tuyarekodi kwa utaratibu gani ili yasije yakazua ugomvi?

Mtunza Nyaraka alijibu:

Nakilini na kurudisha, isipokuwa pale mwenyewe anapoamua kwa hiari yake kuikabidhi maktaba, na hapo pawe na hati ya makabidhiano yenye saini. Anayepokea kitu chenyewe, si nakala, amejifunga kukitunza kwa miaka mingi, katika chumba ambacho joto na unyevunyevu havipandi na kushuka ovyo, ndani ya bahasha na maboksi yasiyo na asidi, na maktaba nyingi hazina uwezo huo.

Picha ziskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, faili kuu ihifadhiwe kwa muundo wa TIFF, usiopunguza ubora wa picha, bila kuguswa, na wasomaji wapewe nakala ndogo ya JPEG, muundo wa faili nyepesi. Wekeni nakala tatu, moja ikae nje ya jengo.

Hata hivyo, skana ni kazi nyepesi; kazi nzito ni maelezo. Nimewahi kuona mkusanyiko mzuri ajabu ukikosa thamani kwa sababu hakuna aliyekaa na bibi aliyeuleta akamuuliza ni nani hawa, ni wapi, ni mwaka gani, nani alipiga picha hii. Kwa maboksi mliyonayo, msichanganye cha huyu na cha yule, wala msivuruge mpangilio uliokuja nao, maana mpangilio huo nao ni ushahidi. Zipeni picha namba, chapisheni nakala, mzitandaze mezani na kuwaita wazee wazitambue. Mmoja akikumbuka jina, mwenzake humkumbusha la pili. Mkiandika nyuma ya picha, tumieni penseli laini, wala si kalamu ya wino. Selotepu na laminesheni zisikaribie kabisa: gundi huacha doa, na plastiki iliyobanwa kwa joto haibanduki bila kuharibu karatasi.

Mtafiti wa Historia Simulizi alijibu:

Kuhusu masimulizi, idhini ndiyo mlango. Mzee aelezwe kabla ya kurekodiwa sauti yake itawekwa wapi na nani ataisikiliza, kisha baada ya mazungumzo apewe nafasi ya kusema sehemu ipi ifungwe kwa muda au ifutwe, kwani mara nyingi mtu hajui atakayoyasema mpaka ayaseme. Rekodini kwa WAV, muundo wa faili ya sauti usiopunguza ubora, mahali patulivu, na siku hiyohiyo andikeni muhtasari unaoonyesha dakika ya kila mada, la sivyo hakuna atakayesikiliza saa mbili nzima akitafuta jambo moja. Wanaodhani kazi hii si ya maktaba wakumbushwe kwamba Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO ya mwaka 1994 ilitaja waziwazi kuunga mkono mapokeo simulizi.

Mwanachama mwingine aliongeza:

Jambo moja tu: anayemiliki picha iliyochapishwa si lazima awe na hakimiliki yake, ambayo katika nchi nyingi huanza kuwa ya aliyeipiga. Kabla ya kuiweka kwenye intaneti, ulizeni.

Mkutubi Msaidizi alijibu:

Nawashukuru sana. Tutasimamisha mapokezi mapya mpaka maboksi yaliyopo yapewe namba, na kuanzia sasa kila anayeleta picha atakaa na mkutubi mmoja mezani, fomu ya maelezo na ya idhini zikiwa mbele yao, kabla picha haijagusa skana.