Dania na nanaa za bustanini, nazitunzaje mpaka baridi iishe?

Jamani niko Minnesota, dania na nanaa zimejaa uani na barafu hiyoo inakuja, mwaka jana nilianika dania ikawa kama nyasi tu, harufu hamna. Nyie mnafanyaje?

— Dania haianikwi dada! Katakata, jaza kwenye treya za barafu, mimina mafuta juu, weka friza, siku ya mchuzi unadondosha kipande kimoja basi. Ila usiiache na mafuta nje kabatini, inaweza kuwa sumu.

— Nanaa ndo ya kuanika, kivulini lakini, jua linamaliza harufu. Mchaichai kama unao hamishia ndani kwenye ndoo, baridi itauua.

— Asanteni! Na mizizi ya dania natupa?

— Weee! Saga na kitunguu saumu, pakaza kuku.