"Borrow me your ruler": tupeane uzoefu wa kitenzi kilichotutesa

Wakuu, nikiwa kidato cha kwanza, bweni, nilimgeukia jirani: "Borrow me your ruler." Mwalimu wa Kiingereza akasikia: anayepokea ndiye husema "borrow", anayetoa ni "lend". Nikaandika sentensi yenye "lend" mara 100, kalamu ikaisha wino kwenye ya 60 na kitu, nikalazimika kuazima nyingine. Kimya kimya, kwa ishara ya mkono.

Kilichoniuma ni kwamba kwa Kiswahili sikuwa na kosa. "Niazime rula", "nimeazima rula kwake": kitenzi kimoja, rula inakwenda na kurudi. Ukubwani nikafungua kamusi. "Borrow" kilikuwa "borgian" katika Kiingereza cha kale, kutokana na "borg", yaani dhamana. Ile ile ya kuacha kitambulisho kwa mkutubi ndipo upewe kitabu!

Nani mwingine kimemkuta?

Dada wa Mapokezi: Mgeni kaniuliza, "Can I borrow your charger?" Nami kwa tabasamu zote: "Yes, I can borrow you." Akabaki ananitazama. Chaja alichukua, lakini mpaka anaondoka alikuwa akiniona anacheka.

Mbeba Boksi: Mimi niko Leipzig. Wajerumani wana "borgen", ndugu wa damu wa hiyo borrow, na kwao inakwenda pande zote mbili kama kuazima kwetu. "Ich borge dir", nakuazima wewe. "Ich borge mir", najiazimia mimi. Siku nilipolijua hilo nilitamani kumpigia mwalimu wangu.

Mzee wa Kigoda: Vijana mnasahau kukopa. Kalamu unaazima, hela unakopa. Mwingereza vyote anaviita borrow, hata kikombe cha sukari ya jirani. Sukari ukishainywa kwenye chai unarudisha nini? Sisi husema "naomba sukari kidogo", yakaisha.

Chaki Nyeupe: Nafundisha Kiingereza, msinipige mawe. Hiyo "lend" mnayoadhibiwa kwayo, zamani haikuwa na "d". Ilikuwa "lænan", baadaye "lenen". Wakati uliopita ulikuwa "lende", watu wakaichukua ile "d" ya jana wakaibandika kwenye leo, karne ya 14 huko. Kosa la wengi likawa sarufi.

Mleta mada: Mwalimu, kwa hiyo mistari yangu 100 naidai wapi?

Chaki Nyeupe: Leta dhamana kwanza.