Hivi ile stori ya papai kukutwa na korona iliishiaje?

Mchumia Juani:
Wakuu habari za saa hizi. Jana nilikuwa kwa mzee wangu Tabata, nikakuta kabatini bado ana chupa ya dawa ya kienyeji ya korona aliyonunua 2020, imeganda chini kama gundi. Namwambia mzee tupa hii, akanijia juu, eti vipimo vyote vilikuwa uongo maana hata papai lilikutwa na korona, Rais mwenyewe alisema. Nikakosa jibu. Mwenye kujua hii kitu iliishia wapi anisaidie, ila sitaki siasa plizi.

Kiboko Yao:
Hutaki siasa halafu unauliza papai hahaha. Mkuu, papai lenyewe ndo siasa. Mei 2020 JPM (Rais Magufuli) akiwa Chato akasema walipeleka maabara sampuli za mbuzi, papai, hadi oili ya gari, zimepewa majina ya watu na umri, papai likaja pozitivu. Fasta mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa. Takwimu nazo zikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, tukaambiwa tupige nyungu (kujifukiza mvuke), na ndege ikatumwa Madagascar kufuata ile dawa ya Rajoelina, rais wao wa wakati ule.

Pipeti:
Mi nafanya kazi ya maabara (sio hiyo ya papai, msinitafute). Papai haliugui korona, hilo halina mjadala. Ila pozitivu inaweza kutoka bila papai kuumwa, glovu uliyoshikia sampuli ya mgonjwa ukashikia na ya papai basi imeisha hiyo, mashine ya kupimia korona (PCR) kazi yake ni kuzidisha kitu kidogo kabisa mara mamilioni. Ndo maana kila raundi tunaweka kichupa cha maji matupu, kikija pozitivu tunamwaga raundi nzima tunaanza upya, kuna siku tulitoka saa 5 usiku kwa sababu ya hicho kichupa, bosi kanuna. Swali la kuuliza lilikuwa cha maji kilisemaje? Badala yake Nkengasong, bosi wa Africa CDC (kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa) wakati ule, akasema vipimo ni vizima, Rais anasema vibovu, kila mtu akachagua wa kwake.

Bi Mkubwa wa Temeke:
Sawa mwanangu ila na wazungu nao msiwasafishe. Lancet, lile jarida la madaktari la Uingereza, si ndo walitoa utafiti Mei 2020 kwamba hydroxychloroquine (dawa ya malaria) inaua wagonjwa wa korona, data za kampuni ya Surgisphere hakuna aliyeruhusiwa kuziona, wiki 2 tu wakaufuta. Huku Trump akisema anaimeza kila siku. Mnataka tumwamini nani? Dawa rahisi wanazizima ili wauze chanjo.

Pipeti:
Bi Mkubwa shikamoo. Kwenye Lancet uko sahihi kabisa, ile ilikuwa aibu. Ila la kuzima dawa rahisi hapana. Juni 2020 Waingereza walitangaza deksamethasoni inapunguza vifo kwa walio kwenye oksijeni, ni dawa ya zamani, bei ya vocha, na ikaanza kutumika dunia nzima. Utafiti huohuo ukaijaribu na hydroxychloroquine, ikaonekana haisaidii wagonjwa waliolazwa. Haiui kama Lancet walivyosema, haiponyi kama Trump alivyosema.

Bi Mkubwa wa Temeke:
Marahaba. Hiyo ya deksa sikuijua, wala redioni sikuisikia.

Kiboko Yao:
Utaisikia wapi, haina chama.

Mchumia Juani:
Asanteni wakuu, hasa Pipeti. Nimempigia mzee sasa hivi nimueleze kichupa cha maji, akasikiliza weee, mwisho akaniambia mbona mi nilichanja. Nilikuwa sijui! Kumbe 2021 baada ya Mama Samia kuchanjwa mbele ya kamera na yeye akaenda kupiga Johnson, kadi kaihifadhi kabati lilelile lenye chupa. Nikamuuliza sasa mzee kilichokubadilisha nini, akanijibu si Rais alisema.