Miezi minane karibu na Stuttgart, na bado sijawazoea majirani: naomba ushauri

Binti_Machame:
Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Nilikuja Ujerumani mwezi Machi kumfuata mume wangu, anayefanya kazi kiwandani karibu na Stuttgart, na tunaishi na binti yetu wa miaka saba katika jengo lenye familia sita. Nimekulia Machame, nikafundisha shule ya msingi Moshi mjini kwa miaka tisa na kuimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika, kwa hiyo sijawahi kukosa watu wa kusalimiana nao. Hapa siku nzima inaweza kupita bila mtu kutamka jina langu, mpaka mume wangu arudi jioni.

Wiki ya pili baada ya kuhamia nilipika ndizi kwa nyama, nikampelekea sahani mama mzee wa chini. Alipokea, akashukuru, akafunga mlango. Baada ya siku mbili niliikuta sahani ile mlangoni kwetu, imeoshwa hadi inang'aa, imefunikwa kwa karatasi ya jikoni, tupu. Ninyi mliofunzwa kwamba sahani ya jirani hairudi tupu mtaelewa kwa nini niliishika muda mrefu kabla ya kuiingiza ndani. Kisha Jumapili moja nilitwanga karanga, na kesho yake tukakuta kwenye sanduku la barua karatasi iliyoandikwa kwa mkono, isiyo na jina, ikitukumbusha kuwa Jumapili ni siku ya utulivu. Na wiki hii nimekuta kibao kimetundikwa kwenye kitasa chetu, kimeandikwa «Kehrwoche». Mume wangu anasema ni zamu ya usafi, lakini mimi nimeona kama tumewekewa alama kuwa sisi ni wachafu.

Je, watu hawa hawanitaki, au ni mimi nisiyejua pa kuanzia?

Mama_wa_Esslingen:
Pole sana, mdogo wangu. Naanza na kibao, kwa sababu kimekuumiza bure. Kehrwoche ni desturi ya miaka mingi ya Waswabia, wenyeji wa eneo hilo: kila familia hupewa wiki yake ya kufagia na kupiga deki ngazi, na katika majengo mengine hata njia ya mbele ya nyumba. Kibao huzunguka mlango hadi mlango. Aliyekitundika kwako ni yule aliyemaliza zamu yake, na wewe ukimaliza utakitundika kwa anayefuata, maana yake umeshahesabiwa kuwa mwenzao. Sasa nakusihi, usifanye kazi hiyo usiku kwa kujificha. Ifanye Jumamosi asubuhi watu wanapotoka kwenda kununua mahitaji, anzia juu ushuke taratibu, na kila anayepita mwamkie «Grüß Gott», ambayo ndiyo salamu ya kusini. Mimi majirani zangu wote niliwafahamu nikiwa na ndoo mkononi.

Sahani isikusononeshe: hapa kurudisha chombo upesi, kikiwa safi, ndiyo heshima yenyewe. Kuhusu kinu, Jumapili na sikukuu, na kila siku kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, watu hutakiwa kutulia, na Mjerumani akikosea huandikiwa barua kama hiyo hiyo.

Mkazi_wa_Tübingen:
Mwalimu, huenda hujui kwamba Tübingen na Moshi ni miji dada tangu mwaka 2014, na kutoka Stuttgart unafika huku kwa treni bila kubadilisha. Wapo wenyeji hapa waliokwisha kufika Moshi, nao watafurahi kumsikiliza mtu aliyefundisha huko.

Vilevile nenda kwenye kanisa la Kiinjili la mtaani kwenu ukaulizie siku ya mazoezi ya kwaya. Sharika nyingi za huku zina pia kundi la tarumbeta, ndugu kabisa wa zile za sharika za Kilimanjaro, na tuni kadhaa utazitambua kabla hujaelewa neno hata moja. Kwaya hukutana kila wiki saa ile ile, nao Wajerumani humzoea mtu wanayemwona mara kwa mara zaidi ya anayewatembelea ghafla. Jambo moja ulifahamu: ukiandikishwa serikalini kuwa muumini wa kanisa hilo, utakapoanza kulipa kodi ya mapato utakatwa pia kodi ya kanisa, ambayo katika jimbo letu ni asilimia 8 ya kodi yenyewe.

Kaka_Mtanga:
Nakubaliana na waliotangulia, ila ndoo na kwaya bila lugha vitakufikisha kwenye salamu tu. Mwenza aliyekuja kwa kuungana na familia kwa kawaida ana haki ya kozi ya kujumuika katika jamii (Integrationskurs), yenye vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria, historia na maisha ya nchi. Usiiahirishe kwa sababu mume anajua Kijerumani. Mimi nilikaa miaka mitatu nikishinda na Watanzania wenzangu kila mwisho wa wiki, tukipika pilau na kuzungumza habari za nyumbani. Walinifaa sana nilipofiwa na baba, nami siwaachi, lakini miaka ile sikujua hata jina la jirani wa mlango wa pili.

Mama_Watatu:
Binti akialikwa siku ya kuzaliwa, utaona kadi imeandikwa saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mfuate saa hiyo hiyo ya kumaliza. Hapo mlangoni ndipo nilipopata rafiki yangu wa kwanza.

Binti_Machame:
Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Leo Jumamosi nimepiga deki. Nilipofika ghorofa ya chini, yule mama mzee alitoka, akasimama akinitazama, akaingia ndani na kurudi na brashi ndogo, kisha akainama mwenyewe kunionyesha pembe ya ngazi niliyoiruka. Nilimwomba radhi ya kinu kwa sentensi nilizokuwa nimeziandika kwenye karatasi. Kumbe barua haikuwa yake, na hakujua hata kinu ni kitu gani, basi nikapanda kukileta. Alikipapasa ndani kwa kidole, akaniuliza jina langu, akalirudia mara tatu hadi likakaa sawa.

Kibao nimekwisha kukitundika kwa jirani anayefuata. Jumatatu naenda kuulizia kozi.